Injini Ikiwa Baridi

Bi Zuhura tulimzika Jumamosi moja yenye upepo, na baada ya maziko tukarudi nyumbani kwa binti yake Latifa, Gaithersburg, kula pilau. Nilikuwa jikoni na wanawake wengine, nakata vitunguu vya kachumbari, na sebuleni wanaume walikuwa wakizungumza namna watu wanavyozungumza msibani wakishashiba. Nikasikia mmoja akisema, "Mumewe si ndiye yule mzee wa pikapu? Kila asubuhi unamkuta kainamia injini." Mwingine akauliza gari lilikuwa na ubovu gani. "Nani ajue," akajibu wa kwanza. "Nadhani mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa mbovu." Wakacheka kidogo, kicheko cha chini chini, kisha wakahamia kwenye bei za nyumba. Latifa alikuwa anamimina chai karibu yangu. Nywele zake zimeingia mvi sasa, kama zangu. Tangu utotoni anakielewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hicho hicho akaniuliza kama ni kweli mimi nilikuwa najua gari la baba yake lilikuwa na nini. Nikamwambia nilijua. Akaweka birika chini. Mama yake, alisema, hakupata kumsimulia habari za mwaka ule wa gari. Kila akimwuliza alibadilisha mazungumzo. Nyumba ilijaa watu wa kulishwa, hatukuweza kukaa. Nikamwahidi kwamba nitamwandikia, na kwa kuwa Kiswahili anaweza kukisoma akijipa muda, namwandikia kwa lugha ya wazazi wake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilisoma chuo Rockville mchana, na jioni niliuza mashuka na mito katika duka moja kwenye barabara ya Rockville Pike. Nilikuwa nimepanga chumba cha chini katika nyumba ya Bi Zuhura na mumewe, Fundi Athumani, watu wa Tanga, waliokuwa wamehamia Marekani Latifa akiwa mtoto mchanga. Nyumba yao ilikuwa moja ya zile zilizojengwa zikigusana mstari mzima, na chumba changu kilikuwa nusu ndani ya ardhi. Kidirisha chake kilikuwa juu, usawa wa lami ya maegesho, kwa hiyo nikilala niliona matairi ya magari na miguu ya watu. Juu ya kitanda lilipita bomba la bati la kuleta joto, nalo lilitokea jikoni, likaleta na sauti. Kabla sijawajua vizuri wale wazee nilikuwa nimeshawasikia: kijiko kwenye kikombe, maji ya udhu, Bi Zuhura akisema, "Umeshakula, Athumani, sahani yako hii hapa," na mumewe akijibu taratibu, "Ala, kumbe."

Fundi Athumani alikuwa fundi magari maisha yake yote, kwanza katika gereji ya ndugu yake Tanga, halafu katika gereji moja upande wa Rockville. Nilipohamia alikuwa ameshaachishwa kazi. Bi Zuhura alinieleza siku ya kwanza, akiwa amesimama mlangoni na sare zake za hospitali, kwa sauti ya mtu anayeeleza bomba la bafuni linavyofunguliwa. Alisema mumewe alifunga tairi la gari la mteja akasahau kukaza nati, na alipoonyeshwa akashikilia kwamba si yeye aliyelifunga, wala hakuwa anasema uongo. Daktari akampima, akasema ni ugonjwa wa kusahau na utaendelea, na akamkataza kuendesha. "Mie natoka kazini mchana, na asubuhi natoka hapa bado giza," alisema. "Wewe shule yako mchana. Asubuhi uwe naye. Sikwambii umlinde, mwanangu. Uwe naye tu." Kisha akanionyesha mahali pa iliki na majani ya chai.

Pikapu yake ilikuwa ya zamani, rangi ya kijani iliyopauka. Aliinunua ili kubebea watu mizigo siku za mapumziko, na sasa ilikaa mbele ya nyumba. Ilikuwa na ugonjwa mmoja: asubuhi, injini ikiwa baridi, ilitetemeka mpaka vioo vya pembeni vikacheza, ikakohoa, ikataka kuzima. Ukiiacha ingurume mpaka ipate moto, ilitulia kabisa, ungeweza kusimamisha kikombe cha chai juu yake. Mafundi wa kwetu wanasema gari linamisi. Fundi Athumani alinieleza maana yake asubuhi ya kwanza niliyotoka kumpelekea chai. Injini hii, alisema, ni kama watu sita wanaovuta kamba moja. Mmoja wao asubuhi hajui zamu yake ikifika, kwa hiyo kamba inayumba. "Kazi ni kumjua ni nani, na kwa nini. Na huwezi kumwuliza jioni, maana jioni anavuta kama wenzake." Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kwa siku tulipata nafasi moja tu. Ukishaiwasha, dakika chache ubovu umekwenda, na hakuna kipimo kitakachokuambia kitu mpaka ilale tena usiku kucha na kupoa. Kwa fundi mwingine hilo lingekuwa usumbufu wa wiki moja. Kwake yeye kila asubuhi ilikuwa ya kwanza. Alichopima jana hakukumbuka, akaanza upya na plagi.

Nikawa mimi ndiye ninayekumbuka. "Waya za plagi tulishazitazama, baba," nilimwambia. "Uliniambia nizinyunyizie maji tuone kama zinatoa cheche, hazikutoa." Siku nyingine alinikubalia mara moja, "Haya, tuendelee mbele." Siku nyingine alikasirika, akasema hakuna mtu aliyezigusa waya zile, na nikazinyunyizia tena, kwa chupa ya Bi Zuhura ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi, nikiwa nimevaa glavu na koti juu ya nguo za kulalia. Sikujua gari. Nilikuwa mwanafunzi wa uhasibu. Lakini mikono yake ilikuwa haijasahau chochote, na kuitazama ilinifundisha zaidi ya maneno. Alivuta waya mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira, akasikiliza. Ukivuta wa silinda inayofanya kazi, injini inalalamika zaidi. Alipovuta wa mwisho, ule wa nyuma kabisa karibu na kioo, hakuna kilichobadilika. Akanitazama na macho yake yakacheka. "Huyu ndiye mvivu. Umemsikia, Saidi?"

Saidi alikuwa kijana aliyemfundisha kazi Tanga, muda mrefu kabla sijazaliwa. Mara ya kwanza aliponiita hivyo nilimsahihisha, nikasema mimi ni Upendo, mpangaji wenu. Akaomba radhi kwa aibu kubwa, akashindwa kuendelea na kazi, akarudi ndani. Mara ya pili nikaitika. Baadaye nilimsimulia Bi Zuhura, nikidhani atacheka. Alikuwa anasukuma chapati. "Saidi alikuwa kijana mzuri," alisema. "Alitubebea vitu siku ya harusi yetu." Akaendelea kusukuma ile ile chapati mpaka ikawa nyembamba mno, akaikunja akaanza upya.

Mwisho wa mwaka Latifa alikuja likizo kutoka chuo cha mbali alikokuwa anasoma. Siku ile baba yake alimjua, akamkumbatia, akamwuliza habari za masomo. Kesho yake akamwuliza mkewe yule binti ni mgeni wa nani. Niliyasikia mazungumzo ya jikoni kupitia lile bomba, na ninayaandika hapa kwa sababu Latifa alisema upande wake tu ndio anaoukumbuka. Yeye alikuwa anataka pikapu ivutwe ikauzwe chuma chakavu. Alisema kwa Kiingereza kwamba baba ataua mtu. Mama yake akamwacha amalize. Kisha akasema, "Ufunguo nilishauficha mara moja. Wewe hukuwepo, hukuona. Alipekua nyumba nzima, akamwaga unga, akalia kama mtoto. Baba yako ni fundi. Gari linalomisi hawezi kuliingiza barabarani, kwake hiyo ni aibu. Jina la mtaa amesahau, kama ameswali au bado, amesahau, lakini hilo hajasahau. Likiwa bovu tuko salama." Latifa akajibu kitu ambacho sikukisikia vizuri, na mlango wa friji ukafungwa kwa nguvu.

Ilikuwa Januari, lami imeganda, tulipoupata ubovu. Tulikuwa tumetoa plagi ya yule mvivu, na badala ya kuwa nyeusi ilikuwa nyeupe kavu. Fundi Athumani akaniwekea kwenye kiganja. Plagi nyeusi imeshiba kupita kiasi, alisema. Nyeupe ina njaa, inapata hewa nyingi kuliko petroli. Tukairudisha, tukawasha. Akaondoa kifuniko cha chujio la hewa, akaufunika mdomo wa kabureta kwa kiganja chake, nusu. Injini ikatulia. Akainua mkono, ikatetemeka. "Sasa nimeipata," alisema. "Kuna mahali inakunywa hewa pasipo ruhusa." Akanipa ile chupa ya pasi, akaniambia nipige maji kila mahali anaponyooshea kidole, na haraka, kabla haijapata moto. Tulipofika nyuma kabisa, chini, ambapo mpira mfupi wa hewa uliingia kwenye injini, maji yalivutwa ndani na mlio ukabadilika kwa nukta moja. Akapenyeza mkono akaupinda ule mpira. Upande wa chini wa mpira kulikuwa na ufa, mahali ambapo jicho halifiki. Mpira ukiwa baridi unakuwa mgumu, ufa unafunguka. Ukipata joto unalainika, ufa unajifunga. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wote. Fundi Athumani alisimama akiwa ameshika kiuno, mvuke ukimtoka mdomoni, akaangalia mstari wa nyumba kana kwamba anatafuta mtu wa kumwambia. Jirani yetu Papa Kalala, Mkongo wa Lubumbashi aliyefanya kazi zamu za usiku, alikuwa ndiyo kwanza anarudi. "Fundi, motere iko namna gani leo?" akauliza habari za injini kama alivyouliza kila siku. "Tumeipata," mzee akamwambia. "Mpira tu. Kesho tunanunua mpira." Papa Kalala akampa mkono na kumpongeza, "Félicitations, papa," na mzee akaingia ndani akala mkate wa kumimina vipande vitatu, akaimba bafuni.

Kesho yake nilimkuta nje mapema. Alikuwa ameinamia boneti. "Saidi," alisema, "hii gari inamisi. Tuanze na plagi."

Mchana ule nilimsubiri Bi Zuhura. Alirudi, akavua viatu, akaanza kupiga pasi sare za kesho huku amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameupumzisha juu ya kigoda, maana miguu ilikuwa inamvimba. Nikamweleza tulichokipata. Nikamwambia mpira ule unauzwa duka lolote la vipuri, nitaununua nikienda chuo, na mzee atauweka mwenyewe, mikono yake inajua. Bi Zuhura akapiga pasi kola pande zote mbili. "Aliona ufa kwa macho yake?" aliuliza. Nikasema ndiyo. "Akafurahi?" Nikasema alifurahi sana. "Aliimba," alisema. "Jana nilipopiga simu kutoka kazini nilimsikia akiimba, nikashangaa." Akaweka pasi wima. "Basi usiununue, mwanangu. Mwache atafute."

Nimeufikiria uamuzi ule katika umri mbalimbali. Nilipokuwa kijana niliona ni ukatili, kumwacha mtu achimbe shimo ambalo wewe unajua limeshachimbwa. Nilipozaa niliona ni woga wa mama anayejua barabara kuu ya I-270 ilivyo asubuhi. Sasa hivi, mimi mwenyewe nikisimama jikoni na kusahau nilichofuata, sioni kwamba ulikuwa ukatili wala woga. Alikuwa mke aliyebaki na kitu kimoja tu cha kumpa mumewe, nacho kilikuwa kazi. Zile wiki zilizofuata nilitoka kila asubuhi na chai na ile chupa. Kuna siku mzee aliufikia ufa, na furaha ikawa mpya kabisa, akanieleza upya mambo ya plagi nyeupe na njaa. Kuna siku injini ilipata moto kabla hajafika popote, akafunga boneti na kusema kesho. Nikajifunza kutoangalia kule nyuma, chini, ili macho yangu yasimwelekeze.

Halafu ikaja asubuhi moja baada ya theluji. Mzee aliponiona akasema, "Upendo, habari za asubuhi." Nikasema shikamoo, akasema marahaba. Hakugusa plagi, hakuuliza waya. Alipeleka mkono moja kwa moja nyuma ya injini, akaukunja ule mpira, akautazama ufa kwa muda mrefu bila kufurahi.

"Hili tulishaliona," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Jana?"

"Na siku nyingine pia."

"Na mimi kila siku nafurahi." Akauachia mpira. "Zuhura anajua?"

"Anajua."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa jambo la haki. Akakaa juu ya bampa la mbele, kwenye baridi ile, na mimi nikakaa karibu naye. Papa Kalala alipita, akatuangalia, hakuuliza habari za motere. Fundi Athumani akasema, "Nina siku kama hii ngapi zimebaki, hata daktari hajui. Kama hii ya leo, ninapojua. Ni mbaya, mwanangu. Zile nyingine ni nzuri kuliko hii." Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Kesho usiniambie."

"Nisikuambie nini, baba?"

"Kwamba tulishaliona. Niache nilione."

Usiku, nilipotoka dukani, nilimweleza Bi Zuhura. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia, na hakulia sana. Alienda chumbani akakaa naye, na kwenye bomba la bati nilisikia tu televisheni.

Hakuna kati yetu aliyefikiria habari za majira. Wote tulijua mpira ule unahitaji baridi ili ufa ufunguke, na hakuna aliyejiuliza itakuwaje baridi ikiisha. Mwezi wa nne ukaingia, miti yenye maua ya rangi ya waridi ikachanua kwenye maegesho, na asubuhi moja yenye joto Fundi Athumani aliwasha pikapu na ikanguruma taratibu kutoka mwanzo, haikutetemeka hata kidogo. Nilikuwa nimesimama pale na chai. Aliinamisha kichwa akasikiliza, upande huu, upande ule. Akatabasamu. "Imepona, Saidi," alisema, akashusha boneti na kuibonyeza kwa viganja viwili. Wakati ule ule simu ya ndani ikalia. Alikuwa Bi Zuhura, alipiga kila asubuhi kwenye mapumziko yake kuuliza kama amekunywa dawa. Nilikuwa bado namwambia kwamba leo gari halimisi, na yeye upande wa pili akiniuliza ufunguo uko wapi, niliposikia gia ya kurudi nyuma ikiingia.

Nilikimbia nje na viatu vya ndani, pikapu ilikuwa imeshatoka. Nilimkuta Papa Kalala, akanipakia kwenye gari lake bila kuuliza. Tulidhani atakuwa amekwenda gereji yake ya zamani, kwa hiyo tulielekea kusini, Rockville, tukizunguka mitaa, mimi nikitazama kila kitu cha kijani. Yeye alikuwa amekwenda kaskazini, upande wa Frederick. Aliendesha mpaka petroli ikaisha, na ilipoisha hakuegesha pembeni. Alisimama katikati ya njia, akashuka, akafungua boneti. Gari dogo lililokuwa nyuma yake lilimkwepa likagonga ukingo. Aliyekuwa akiliendesha alikuwa dada wa makamo anayekwenda kazini. Alivunjika mkono na mbavu. Polisi walipofika walimkuta mzee ameinamia injini, magari yakipiga honi pande zote, akiwaomba kwa Kiswahili wamwitie Saidi. Namba ya simu ya hospitali waliipata kwenye jaketi lake, mahali Bi Zuhura alipoishona kwa ndani. Alipoletwa nyumbani alikuwa mchangamfu. Aliniambia safari ilikuwa nzuri.

Bi Zuhura alitaka kwenda kumwona yule dada na kumwomba msamaha. Watu wa bima wakamkataza, wakasema neno lolote litakalomtoka linaweza kutumika mahakamani. Hilo lilimkaa vibaya mpaka mwisho wa maisha yake. Hata mwaka jana, mgonjwa kitandani, aliniuliza kama nadhani mkono ule ulipona sawasawa. Pikapu haikurudi tena pale nyumbani. Asubuhi Fundi Athumani alitoka, akasimama kwenye nafasi tupu, akatazama lami yenye madoa ya oili, akanigeukia. Nilimwambia iko gereji. Akasema hakuna gereji itakayoiweza, na alisema kweli. Baada ya siku chache akaacha kutoka. Akaanza kukaa kwenye kochi tangu alfajiri mpaka mkewe arudi, na kuuliza tutaondoka lini, na akaanza kuwa na hofu ya bafu, ya ngazi, ya Papa Kalala.

Nyumba ya kutunzia wazee waliyoonyeshwa ilikuwa na harufu ya dawa ya sakafu na hakuna hata mmoja pale aliyejua Kiswahili, na yeye Kiingereza kilikuwa kimeshamwacha. Tanga walikuwepo dada zake wawili, na nyumba ambayo angeitambua hata gizani. Bi Zuhura alilizungumza jambo hilo na Latifa kwa majuma, na mimi chini ya bomba langu nikasikia yote. Latifa alimwuliza kwa nini na yeye asiende. Mama yake alisema mmoja lazima abaki kazini, dada za mzee hawana kitu, dawa zake zitatoka huku, na chuo cha Latifa bado. Alisema atakwenda mwakani, atachukua likizo. Hakuwahi kwenda. Fundi Athumani alifariki Tanga mvua za vuli hazijakatika, na Bi Zuhura aliipokea simu kwenye korido ya hospitali, akamalizia zamu yake kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumpokea.

Siku ya safari Papa Kalala alitushusha uwanja wa ndege wa Dulles. Latifa ndiye aliyekuwa anamsindikiza baba yake, kwa hiyo alikuwa kaunta na pasi za kusafiria na masanduku, mstari mrefu, na hakuyasikia haya. Sisi watatu tulikaa kwenye viti karibu na dirisha. Fundi Athumani alikuwa amevaa suti ya kijivu na jaketi juu yake, ametulia, ametulia kuliko alivyokuwa tangu pikapu iondoke. Alikuwa anatazama watu. Kisha akamgeukia Bi Zuhura, akamwangalia kwa adabu, namna unavyomwangalia abiria usiyemfahamu.

"Na wewe dada, unasafiri?"

"Hapana. Mie nasindikiza."

"Mie naenda zangu Tanga," akasema. "Nimekaa sana huku. Mke wangu ananingoja."

"Anaitwa nani mkeo?"

"Zuhura." Alipolitaja jina lile alitabasamu mwenyewe. "Hapendi nikichelewa. Atakuwa keshapika, kakaa mlangoni."

Nilitazama nje, ndege zikivutwa polepole kwenye lami. Bi Zuhura aliposema tena sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku, ya kumwambia mtu sahani yako hii hapa.

"Basi ukifika msalimie."

"Zitafika," alisema Fundi Athumani. "Nimwambie zinatoka kwa nani?"

Latifa alikuwa anakuja na karatasi mkononi, anatupungia kwamba muda umefika. Bi Zuhura aliinama, akamfunga mumewe zipu ya jaketi mpaka shingoni.

"Wewe mpe tu," alisema. "Atajua."